Makro inayoona kichwa na mabega kila mahali: kutafuta kosa kwenye Excel ya hisa za DSE

Mtu akiniletea makro (programu ndogo ndani ya Excel) ya kutafuta miundo ya chati kama kichwa na mabega, yaani vilele vitatu na cha katikati kimezidi vya pembeni, na kusema imeharibika, siulizi kwanza habari za kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe. Nauliza: hii hisa imeuzwa siku ngapi mwezi huu? Makro nyingi zinazozunguka kwenye vikundi vya uwekezaji hapa Dodoma zimenakiliwa kwa watu wanaofuatilia hisa za New York, ambako hisa kubwa zinanunuliwa na kuuzwa kila sekunde ya saa za soko. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara mwaka 1998, TOL ikiwa kampuni ya kwanza, na mpaka leo kuna hisa zinazomaliza siku kadhaa bila muamala hata mmoja. Kodi iliyoandikwa kwa ajili ya kule ikiletwa huku huona maajabu ambayo hayapo.

Ninachukulia kwamba una jedwali la kawaida: tarehe, bei ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga, na idadi ya hisa zilizouzwa. Soma sehemu inayofanana na dalili yako. Kama hujui uanzie wapi, anza na ile ya doji na vilele, inayohusu siku zisizo na mauzo.

Makro haiwaki kabisa

Hapa sababu ni chache. Faili lilihifadhiwa kama .xlsx, ambalo halibebi makro. Kodi imeshapotea, mwombe aliyekutumia akupe faili la .xlsm. Au unafungua kwa simu: Excel ya simu na ile ya kwenye kivinjari haziendeshi VBA, lugha ya kuandikia makro, hata ufanyeje. Au faili limepakuliwa kutoka kwenye barua pepe au intaneti, na tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili ya namna hiyo bila kukuuliza. Funga Excel, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, fungua tena. Ila fanya hivyo baada ya kujua faili limetoka kwa nani, maana makro inaweza kufuta mafaili yako kwa urahisi uleule inaotumia kuchora mstari.

Walioko Mji wa Serikali wa Mtumba wanaotumia kompyuta za ofisi mara nyingi watakuta hata hiyo Unblock haisaidii, kwa sababu makro zimefungwa na watu wa tehama kwa kompyuta zote. Usihangaike kutafuta njia ya uani. Tumia kompyuta yako.

Inagoma na kosa namba 13, au bei ya shilingi 5,000 inageuka 5

Data imekuja na uchafu. Ukinakili jedwali la bei kutoka kwenye tovuti, namba huja na koma za maelfu, alama ya kistari pale ambapo hakuna mauzo, na nafasi isiyoonekana ambayo si nafasi ya kawaida. Kwa jicho seli ina 5,000. Kwa makro, hayo ni maandishi. Dalili ya haraka: namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto, mradi hujagusa mpangilio wa safu.

Kuna kodi nyingi zinazotumia Val kusafisha bei. Val husoma tarakimu mpaka inapokutana na kitu isichokijua, kisha inasimama. Koma haiijui. Kwa hiyo Val("5,000") inarudisha 5, haitoi kosa lolote, na chati yako inaonyesha benki nzima imeporomoka kwa siku moja. Hisa za bei ya chini ya 1,000 zinapita salama, ndiyo maana mtu anajaribu makro kwa hisa ya shilingi 600, anaridhika, kisha anashangaa inapofika kwenye hisa za bei kubwa. Kazi hii ndogo inatosha:

```
Function Safi(x As Variant) As Variant
    Dim s As String
    Safi = Empty
    If IsError(x) Then Exit Function
    s = Replace(CStr(x), ChrW(160), "")
    s = Trim(Replace(s, ",", ""))
    If s <> "" And IsNumeric(s) Then Safi = CDbl(s)
End Function
```

ChrW(160) ndiyo ile nafasi isiyoonekana. Trim peke yake haiiondoi. Angalia pia kwamba kisichosomeka kinarudi kikiwa tupu, si sifuri. Seli tupu ikiingizwa kwenye kigeu cha namba (jina linalobeba thamani ndani ya kodi) inakuwa sifuri, na sifuri kwenye safu ya bei ya chini ni bonde refu kuliko yote katika historia ya kampuni. Ukiona makro inasema kuna "mabonde mawili" na bei ya yote mawili ni 0, umeshajua.

Tarehe zimeruka, au nusu ya tarehe zimekataa kupangika

Hili linatokea pale makro yenyewe inapofungua faili la CSV. Ukilifungua kwa mkono, Excel inafuata mipangilio ya kompyuta yako: siku, mwezi, mwaka. Likifunguliwa na VBA bila maelekezo, linasomwa Kimarekani: mwezi kwanza. 03/07 ambayo ni tarehe 3 Julai inakuwa tarehe 7 Machi, kimyakimya. 25/07 haiwezi kusomeka hivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inabaki maandishi. Ukipanga safu, tarehe za 13 kwenda juu zote zinarundikana chini ya jedwali. Hiyo picha, mwanzo wa mwezi umehamia miezi mingine na katikati ya mwezi umelala chini, ni kosa hili tu na si lingine.

Ongeza Local:=True kwenye amri ya Workbooks.Open au OpenText. Halafu jaribu kwa tarehe ambayo siku na mwezi havifanani. Kuna mtu alijithibitishia kwamba tarehe zake ziko sawa kwa kuangalia 6/6 na 9/9.

Tukiwa kwenye tarehe: makro ikihesabu "siku tano baadaye" kwa kujumlisha 5 kwenye tarehe, itaangukia Jumamosi, au Sabasaba, au Nanenane wakati watu wako Nzuguni kwenye maonyesho na soko limefungwa. Usitengeneze orodha ya sikukuu ndani ya kodi, kwa sababu Idd inafuata mwezi na orodha itakuangusha. Hesabu mistari ya jedwali. Mstari wa tano kwenda chini ndiyo siku ya tano ya soko.

Kosa namba 6, Overflow, na namba zenyewe ni ndogo

Sababu inayojulikana ni aina ya kigeu. Integer inaishia 32,767, na Long inaishia 2,147,483,647. Hisa milioni 3 kwa bei ya shilingi 800 ni shilingi bilioni 2.4, tayari umevuka Long. Vigeu vya thamani ya mauzo vifanye Double, na kaunta za mistari zifanye Long.

Sababu isiyojulikana sana ndiyo inayopoteza jioni za watu. Makro ya mishumaa, yaani chati inayochora bei nne za kila siku kama mshumaa mmoja, hupima mwili wa mshumaa kwa kugawanya tofauti ya kufungua na kufunga kwa tofauti ya juu na chini. Siku ambayo hisa haikuuzwa, bei zote nne ni moja, kwa hiyo unagawanya sifuri kwa sifuri. Ungetegemea VBA iseme umegawanya kwa sifuri, yaani kosa namba 11. Hapana. Moja kwa sifuri inatoa 11, lakini sifuri kwa sifuri inatoa 6, Overflow. Mtu anabadilisha Integer zote kuwa Long, kisha Double, na kosa liko palepale. Weka sharti kabla ya kugawanya: juu lazima iwe kubwa kuliko chini.

Doji kila siku, vilele vitatu mahali pa kimoja, au hakuna kilele kabisa

Hapa ndipo soko letu linapotofautiana na la watu walioandika kodi. Bei ya TBL, kampuni ya bia, ilikaa kwenye shilingi 10,900 muda mrefu bila kutikisika. TCC, ya sigara, nayo ilikaa kwenye 17,000. Chati ya hisa kama hiyo ni mstari ulionyooka, na makro ya mishumaa ikipewa mstari huo itasema ni doji, doji, doji. Doji maana yake wanunuzi na wauzaji wamevutana wakatoka sare. Siku ambayo hakuna aliyekuja sokoni, hakuna aliyevutana na yeyote.

Mama mmoja mkulima wa zabibu wa Hombolo aliwahi kuniuliza kwa simu: "Mwanangu, hii hisa ina doji wiki nzima, ninunue?" Nikamjibu: "Shikamoo mama. Wiki nzima haijauzwa hata moja, tazama safu ya mwisho." Safu ya idadi ilikuwa imejaa sifuri kuanzia Jumatatu.

Kwa hiyo sharti la kwanza la makro yoyote ya mishumaa huku kwetu: idadi iliyouzwa iwe zaidi ya sifuri. Mimi hupendelea kuweka kiwango cha juu zaidi ya hapo, kwa sababu mtu mmoja akiuza hisa kumi anaweza kuchora mshumaa mzuri ambao hauna maana yoyote.

Vilele ni hadithi ndefu kidogo. Kodi ya kawaida husema kilele ni siku ambayo bei yake imezidi siku kadhaa za kushoto na siku kadhaa za kulia. Chukua bei hizi za kufunga: 640, 650, 650, 650, 645. Ukilinganisha kwa siku moja kila upande ukitumia ">", hakuna kilele, kwa sababu kila 650 ina jirani wa 650. Ukibadilisha iwe ">=", unapata vilele vitatu, na makro ya kutafuta vilele viwili itashangilia kwamba imevipata, siku mbili mfululizo. Wengi wakifika hapa wanachanganya: ">" kushoto na ">=" kulia. Hapo unapata kimoja, ile 650 ya kwanza, na inaonekana umemaliza. Sasa jaribu 640, 650, 650, 650, 660. Bei inapanda ngazi, hakuna kilele popote, lakini sharti lako jipya linasema 650 ya kwanza ni kilele. Ukipanua dirisha hadi siku tano, utaona jambo lilelile kila bei itakapotulia zaidi ya siku tano, na kwetu kutulia siku tano si ajabu.

Dawa ni kubana uwanda kabla ya kutafuta vilele. Siku zisizo na mauzo zinaondoka, na bei inayojirudia inabaki moja:

```
m = 0
For i = 1 To n
    mpya = False
    If kiasi(i) > 0 Then
        If m = 0 Then
            mpya = True
        ElseIf bei(i) <> b(m) Then
            mpya = True
        End If
    End If
    If mpya Then
        m = m + 1
        b(m) = bei(i)
        t(m) = i
    End If
Next i
```

Sasa mfano wa kwanza unakuwa 640, 650, 645, kilele kimoja. Wa pili unakuwa 640, 650, 660, hakuna kilele. Safu ya t inakumbuka mstari wa asili, ili ukichora alama kwenye chati iangukie tarehe yake. Ukishawishika kufupisha zile If ziwe mstari mmoja wenye Or, utapata kosa namba 9: VBA hupima pande zote mbili za Or hata kama wa kwanza umeshatosha, na b(0) haipo kama safu yako inaanzia 1.

Tumia orodha iliyobanwa kwa vilele na mabonde tu. Wastani wa siku 20, kwa mfano, uendelee kutumia siku za soko, la sivyo siku 20 zako zitakuwa miezi mitatu bila wewe kujua.

Inapata miundo mingi mno, au haipati hata mmoja kwa mwaka mzima

Tazama ustahimilivu, yaani kiasi cha tofauti unachokubali kabla ya kusema "mabega haya yanalingana". Makro nyingi zimeandika namba ya shilingi au dola moja kwa moja. Shilingi 10 kwenye hisa ya 17,000 ni kitu kidogo mno. Kwenye hisa ya 95 ni zaidi ya asilimia 10. Andika kwa asilimia.

Asilimia ngapi? Mwaka 2000 Andrew Lo, Harry Mamaysky na Jiang Wang walichapisha utafiti wa hisa za Marekani za kuanzia 1962 hadi 1996 wakitumia kompyuta kutambua miundo hii, na maelezo yao ya kichwa na mabega yanaweza kuandikwa kwenye VBA kwa mistari michache: nukta tano zinazopishana kilele na bonde, ya tatu iwe juu ya ya kwanza na ya tano, mabega mawili yasiachane na wastani wao kwa zaidi ya asilimia 1.5, na mabonde mawili vilevile. Kabla ya kutafuta nukta hizo walilainisha bei kwanza, na hilo ndilo wanaonakili masharti yao wanalolisahau. Ukitafuta nukta kwenye bei ghafi, kila mtikisiko mdogo unahesabiwa.

Hiyo 1.5 haifai kila mahali hapa. Kama hisa ya shilingi 95 inasogea kwa hatua za shilingi 5, hatua moja tu ni zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo mabega yatalingana shilingi kwa shilingi au hayatalingana kabisa. Weka ustahimilivu uwe kikubwa kati ya viwili: asilimia uliyochagua, au hatua moja ya bei.

Shingo imevunjika kabla ya bega la kulia kuonekana

Data yako imeanza na siku ya karibuni juu. Kosa hili linajificha vizuri kwa sababu kichwa na mabega kikigeuzwa kushoto kulia bado ni kichwa na mabega, na vilele viwili bado ni viwili. Makro inavipata, alama zinakaa mahali pake, na unaamini. Kinachogeuka ni kuvunjika kwa shingo (mstari unaounganisha mabonde mawili), ambako kunatafutwa baada ya muundo lakini kwako "baada" ni wiki zilizotangulia. Panga jedwali kuanzia tarehe ya zamani, na mwanzoni mwa makro weka sharti: tarehe ya mstari wa kwanza ikiwa kubwa kuliko ya mwisho, simama na toa ujumbe.

Mabenki yote yameanguka kipindi kimoja, na makro inapiga kelele uza

Kabla ya kumpigia dalali, angalia kama siku hiyo hisa zimeanza kuuzwa bila gawio. Hisa iliyofunga 700 na gawio la shilingi 50 ikifungua kwenye 650, aliyekuwa nayo hajapoteza kitu, ila makro inaona shimo la asilimia 7. Zidisha bei zote za kabla ya siku hiyo kwa 1 − 50/700, yaani 0.9286 hivi, na shimo linafungika. Hisa stahiki, hisa za bure na mgawanyo wa hisa navyo vina marekebisho yao. Weka safu mpya ya "bei iliyorekebishwa" na uache ile ya asili ilivyo, hasa kwa sababu makro ikishaandika juu ya data, Ctrl+Z hairudishi.

Kwenye majaribio inatoa faida kubwa, kwenye maisha halisi haitoi

Kilele cha siku tano kila upande hakijulikani siku kilipotokea. Kinajulikana siku tano baadaye, soko likishafunga. Makro inayoweka ishara ya kuuza kwenye tarehe ya kilele, kisha ikahesabu faida kuanzia tarehe hiyo, inauza kwa bei ambayo binadamu hakuweza kuijua. Njia rahisi ya kubaini: kata data yako iishie mwezi mmoja uliopita, endesha makro, andika ishara za mwisho pembeni. Rudisha data, endesha tena. Ishara zikiwa zimeongezeka nyuma ya tarehe uliyokata, makro inachungulia kesho.

Rekebisha kwa kuweka safu mbili: tarehe ya kilele, na tarehe ya uthibitisho. Faida ihesabiwe kuanzia mstari unaofuata uthibitisho, si mapema. Wengi wakifanya hivi faida yao ya majaribio inasinyaa sana. Hiyo iliyobaki ndiyo ya kuizungumzia.

Haitoi kosa, lakini hisa mbili tofauti zina majibu yaleyale

Tafuta maneno On Error Resume Next. Mstari ukishindwa, kigeu kinabaki na thamani ya hisa iliyotangulia, na makro inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Futa mstari huo, weka Option Explicit juu kabisa ya moduli, na uache makosa yajitokeze. Kama baada ya makro kukatika fomula za faili zimeacha kujihesabu, ni kwa sababu kodi iliweka hesabu kwenye mkono ili iende haraka na haikufika pa kuirudisha. Nenda kwenye Formulas, Calculation Options, rudisha Automatic, kisha uandike sehemu ya kutokea inayorudisha hali hiyo hata kosa likitokea.

Ishara ni sahihi, oda haijapata mtu

Umeweka oda asubuhi kwa simu ukiwa kwenye foleni ya daladala pale Sabasaba, jioni bado haijatimia, na keshokutwa bei imeondoka. Makro haina kosa hapa. Imekupa bei ya mwisho, na bei ya mwisho inaweza kuwa ya hisa kumi zilizouzwa Jumanne. Ongeza safu ya wastani wa idadi iliyouzwa kwa siku 20 za soko, siku za sifuri zikihesabiwa humo, na mbele yake idadi unayotaka kununua. Mimi makro yangu hainionyeshi ishara kabisa kama oda yangu inazidi sehemu ya kumi ya wastani huo, na hisa kadhaa ninazozipenda zimetoweka kwenye orodha kwa sababu hiyo.